Gaita za miguuni kwa pori letu la kusini: maswali yenu na majibu

Maswali ya gaita yamekuwa mengi toka mvua ziishe kwahiyo leo nayajibu kwa pamoja. Kwa ambaye ndo anasikia, gaita ni kile kitambaa kigumu unachovaa juu ya buti na suruali, kinaziba pale buti linapoishia, kina mkanda unapita chini ya soli na kingine kinakaza chini ya goti. Waliopanda Kilimanjaro wanazijua sana, ila mi naona sisi wa Mtwara na Lindi tunazihitaji zaidi yao.

Njomba, mi niko Nanyumbu, tuna vibali vyetu na msimu wa kuwinda ukifunguliwa Julai tunaingia. Ninunue ndefu au fupi?

Ndefu njomba, usijiulize mara mbili. Zile fupi zinaishia juu kidogo ya kifundo cha mguu, zinazuia mchanga na vijiwe basi, zinamfaa anayetembea njia iliyosafishwa. Wewe Julai unakuta nyasi bado zimesimama, kishona nguo kimekomaa, miiba ipo, chukua ya sentimita 40 mpaka 45 ifike chini ya goti. Kwenye kitambaa ulizia denia, ndo unene wa uzi, yani uzito wake kwa gramu kwa kila mita 9,000, ya 500 inatosha kwa nyasi na ya 1,000 ndo ya miiba hasa, ila ni nzito na ina joto.

Alafu kabla hujauliza bei igeuze uangalie chini. Huo mkanda wa chini ya soli ndo gaita yenyewe, ukikatika kitambaa kinapanda juu kama soksi iliyolegea na kila kitu kinaingia. Mimi nilinunua moja nzuri kweli kwa macho, kitambaa cha maana, mkanda wake ulikuwa kamba nyembamba ya kusuka imeshonewa moja kwa moja haitoki, siku ya tatu kule kwenye mawe ya bonde la Mbwemkuru nikaona nyuzi zinachomoza kama ndevu, jioni umekatika, nikamaliza safari nimefunga kamba ya katani. Kwahiyo tafuta mkanda mnene wa mpira au ngozi, na uwe unafunguka, ukiisha unabadilisha. Angalia na kindoano cha mbele cha kushika kamba za kiatu, kiwe cha chuma sio plastiki. Ukivaa, vibano vya mkanda vikae upande wa nje wa mguu, vikikaa ndani vinanasana unapotembea na unaanguka vibaya na bunduki mkononi.

Shikamoo. Je gaita zinazuia nyoka? Huku Liwale vifutu ni wengi.

Marahaba. Gaita ya kawaida haizuii, na naomba mtu asikudanganye dukani. Kifutu ana meno marefu, yanaweza kuzidi sentimita moja, kitambaa kimoja cha naironi anakipita. Zipo gaita maalumu za nyoka, zina tabaka kadhaa za naironi nzito au zina vipande vya plastiki ngumu ndani, hizo zinasaidia kweli kuanzia kifundoni mpaka gotini, ila ni ghali, nzito, na juu ya goti hazikulindi. Kifutu tatizo lake hakimbii, analala tu njiani katulia na rangi yake ya majani makavu, watu wengi wanamkanyaga. Kwahiyo buti la kufunika kifundo, fimbo mbele, usiku tochi, na usipitishe mguu juu ya gogo kabla hujaona upande wa pili. Akikuuma usichanje, usifunge kamba, usinyonye, mguu utulie na uwahi hospitali. Kabla ya kuingia porini piga simu uulize kituo gani cha karibu kina dawa ya sumu ya nyoka, sio uanze kuuliza siku umeumwa tayari.

Nimepata gaita za madoadoa kama ya jeshi, bei nzuri. Nichukue?

Hapana ndugu yangu, acha. Raia kuvaa mavazi yanayofanana na sare za jeshi nchini kwetu ni kosa, mtakumbuka Agosti 2023 JWTZ walitoa siku 7 watu wasalimishe. Haijalishi ni ya kuwindia au ilitoka Ulaya. Chukua kaki, kahawia au kijani kilichofifia. Na epuka bluu na nyeusi pia, maana mbung'o anazipenda hizo, ndo maana mitego yake inashonwa kwa rangi hizo hizo, na huko kwenye mapori ya Liwale mtu wa suruali ya bluu anateseka.

Kwa mwindaji kuna na suala la kelele. Zikunje dukani uzisugue moja kwa nyingine karibu na sikio, zile za naironi ngumu zinalia shwaa shwaa kila hatua na mnyama anakusikia mbali, tafuta zenye kitambaa chenye manyoya manyoya kwa nje hata kama hazizuii maji vizuri.

Mimi ni dada wa Nachingwea, napenda kutembea milimani ila kigimbi changu ni kinene, gaita nyingi hazifungi na zikifunga zinanibana.

Pole dada. Usinunue kwa saizi ya kiatu peke yake. Vaa suruali yako ya safari, chukua futi ya fundi cherehani upime kigimbi pale penye unene kabisa, alafu linganisha na kipimo cha gaita. Za velkro mbele zinakupa nafasi ya kuongeza au kupunguza, za zipu hazikupi. Velkro ikijaa mbegu na nyuzi inaacha kushika, isafishe na mswaki wa zamani. Mkanda wa juu usiukaze mpaka uache alama, kidole kimoja kipite.

Nilienda Tendaguru kuona walipochimba yule mjusi mkubwa, mvua ikanikuta, nikawa na gaita lakini buti zikajaa maji. Nini kimetokea?

Umevaa suruali ya mvua umeiingiza ndani ya gaita, si ndio? Maji yalishuka kwenye suruali yakaingia gaita kama kwenye faneli mpaka kwenye buti. Mvua ikinyesha suruali ya mvua ikae nje, gaita ndani. Ukiwa kwenye nyasi zenye umande au miiba bila mvua, gaita inakaa nje.

Upupu je?

Hapa gaita inakuokoa kweli, ila wengi wanaumia wakati wa kuvua. Yale manyoya ya upupu yamebaki kwenye kitambaa, unaifungua kwa mikono mitupu alafu unajifuta jasho usoni, basi. Mi natembea na selotepu pana, nabandika kwenye gaita nabandua, ukiangalia selotepu imejaa vijimanyoya vya rangi ya dhahabu, nafanya hivyo mara nne tano ndo nafungua, na kwenye ngozi ni hivyo hivyo, usikune. Nyumbani lowanisha zikiwa zimekunjwa, usizikung'ute watoto wakiwa karibu.

Na kupe?

Suruali ndani ya soksi, gaita juu. Kuna dawa ya pamethrini, inapuliziwa kwenye kitambaa sio kwenye ngozi, iache ikauke kabisa, paka asikaribie ikiwa mbichi maana inamuua. Jioni jikague bado.

Sina hela ya mpya, nafanyaje? Mi nina shamba la korosho tu, nataka za palizi.

Kwenye mitumba zinaonekana, mara nyingi zimechanganywa na nguo za baridi na muuzaji hajui ni nini anakuuzia bei ya soksi. Angalia zipu na mkanda wa chini, kitambaa kikiwa kizima mkanda unabadilishwa. Zikikosekana nenda kwa fundi na kipande cha turubai nzito, akukatie kwa kipimo cha kigimbi na kifundo, velkro mbele, mkanda wa soli atoe kwenye mkanda wa siti ya gari bovu, huo unadumu kuliko vya dukani vingi. Tyubu ya baiskeli nayo inafaa ila utabadilisha kila msimu. Ukifua tumia maji ya baridi bila jiki, anika kivulini, na zipu ikigoma ipitishie mshumaa.