Wakubwa Huja Bingwa Akianza Kuchoka

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza: bingwa wa ngumi wa uzito wa kati akiwapiga wote waliopo na bado akakosa mpinzani wa maana, alaumiwe nani? Majibu yaliyozoeleka ni mawili: ama bingwa anajichagulia vibonde, ama wenzake wanamwogopa. Mimi yote mawili siyakubali. Nikitazama mabingwa wa uzito huo wa kilo 72 na nusu, naona mpinzani mkubwa huwa yupo siku zote, ila amekaa pembeni anasubiri. Anachosubiri ni kuona bingwa ameanza kupungua.

Tuanze na Gennady Golovkin wa Kazakhstan, maana ndiye aliyelaumiwa kuliko wote. Huyu alitoka ngumi za ridhaa na medali ya fedha ya Olimpiki ya Athens 2004, akawa bingwa wa WBA, kimoja cha vyama vinavyotoa mikanda ya dunia, mwaka 2010, na kwa miaka kadhaa kila aliyepanda naye ulingoni alishuka kwa KO, yaani alipigwa hadi akashindwa kuendelea. Yalifika mapambano 23 mfululizo. Watu wakasema: kampiga nani? Ni kweli orodha haina majina ya kutisha. Yumo Kassim Ouma wa Uganda, aliyewahi kuwa bingwa wa dunia wa uzito wa chini yake, yumo Matthew Macklin, yumo Daniel Geale.

Lakini hebu mtazameni huyo Macklin. Mwaka 2012 alimwangusha Sergio Martínez, aliyehesabika ndiye namba moja wa uzito huo, akadumu naye hadi raundi ya 11. Mwaka uliofuata alikutana na Golovkin. Raundi ya tatu, mgongo kwenye kamba, konde la kushoto likapita chini ya kiwiko na kuzama mbavuni. Macklin alianguka akijinyonganyonga na refa akamhesabia mpaka mwisho. Geale naye, aliyekuwa amemshinda Mjerumani Felix Sturm hukohuko kwao, hakuimaliza raundi ya tatu. Kwa hiyo anayesema hawa walikuwa vibonde aniambie kwanza kwa nini hawakuwa vibonde mbele ya wengine. Mimi bingwa aliyekosa wakubwa nampima hivyo, kwa kuangalia watu walewale waliwafanya nini mabondia wengine.

Sasa hao wakubwa walikuwa wapi? Walikuwa wanapiga hesabu, na wala siwaiti waoga, kwa sababu hakuna mwoga anayepanda ulingoni kulipwa kwa kupigwa ngumi za uso. Bondia mwenye jina analipwa vizuri hata akipigana na mtu wa kawaida. Akikubali kukutana na jitu linalovunja mbavu lakini halijajaza viwanja, malipo hayapandi sana, ila hatari inapanda mara kumi. Akishinda, ataambiwa yule alikuwa hajapimwa. Akipigwa, bei yake imeanguka na promota wake ameanguka naye. Na kwa kuwa vyama ni vinne, WBA, WBC, IBF na WBO, kila mmoja anaweza kuitwa bingwa wa dunia, akavaa mkanda wake na kulala usingizi bila kumgusa jirani.

Kanuni ya mpinzani wa lazima, ile inayomtaka bingwa akutane na aliye mbele kwenye foleni, ingetakiwa kutibu hilo. Golovkin aliupata ubingwa wa muda wa WBC Oktoba 2014 baada ya kumpiga Marco Antonio Rubio, jambo lililomweka kwenye foleni ya mkanda wenyewe. Mkanda ukatoka kwa Miguel Cotto ukaenda kwa nyota wa Mexico, Canelo Álvarez. Mei 2016 Canelo alimlaza Amir Khan, mtu aliyepandishwa kutoka uzito wa welta ulio chini zaidi, akamwita Golovkin ulingoni mbele ya watu na kujitapa kwamba yuko tayari hata sasa hivi. Wiki mbili hazijatimia, akauachia mkanda. Golovkin akapewa mezani. (Chama kinachotoza ada kwa kila pambano la ubingwa hakina haraka ya kumvua mkanda mtu anayejaza viwanja. Hilo nalo mlikumbuke mnapotafuta wa kulaumiwa.)

Kisha tazameni tarehe. Machi 18, 2017 Golovkin alikutana na Daniel Jacobs. Alimwangusha raundi ya nne, lakini Jacobs akainuka, akawa anabadili mkono wa mbele kila mara, akahama kushoto na kulia, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi Golovkin alilazimika kungoja kadi za majaji. Alishinda kwa pointi chache: 115-112 mara mbili na 114-113. Dunia nzima ikaona kumbe anakosa, kumbe anachoka, na umri ni miaka 34, anaingia 35. Mei 6 mwaka huohuo, pambano la Canelo na Golovkin likatangazwa. Mtaniambia mazungumzo yalianza zamani. Sawa, yalianza zamani, ila kalamu ilipatikana baada ya Jacobs.

Mkidhani nimeokota mfano mmoja, basi mchukueni Marvin Hagler, bingwa wa uzito huohuo miaka ya themanini. Machi 1986 alitetea mkanda dhidi ya John Mugabi wa Uganda, aliyekuwa amewashinda wote kwa KO. Hagler alimaliza kazi raundi ya 11, lakini alikula makonde mengi na miguu ilikuwa mizito. Nyota wa Marekani Sugar Ray Leonard, aliyekuwa amepigana mara moja tu katika miaka minne, alikuwa amekaa kando ya ulingo usiku ule, na alichokiona ndicho kilichomtoa mapumzikoni. Akaja na masharti juu: raundi 12 badala ya 15, glavu za aunsi 10, ulingo mpana wa kukimbilia. Hagler alikubali yote, kwa sababu mtu aliyekaa miaka akisubiri wakubwa hana nguvu ya kubishana siku mkubwa anapobisha hodi.

Hata Bernard Hopkins, bingwa mwingine wa uzito huo, mwenye rekodi ya kutetea ubingwa mara 20 mfululizo ambayo Golovkin aliifikia, alimpata nyota Félix Trinidad mwaka 2001 akiwa na miaka 36, katika mashindano yaliyoandaliwa na Don King, promota wa Trinidad, wengi wakiamini mzee anakwenda kuchinjwa. Bahati mbaya kwao mzee alikuwa bado mzima. Trinidad alikuwa hajapoteza pambano hata moja, na raundi ya 12 kona yake ilisalimu amri.

Kwa hiyo jibu langu, Mhariri, bingwa simlaumu, wala wanaomsubiri siwalaumu sana. Wanaonikera ni wale wanaomhesabia bingwa kushindwa kwa uzeeni huku wakimdharau kwa ushindi wa ujanani. Na uzee wenyewe si kitu pekee kinachomkuta bingwa, ziko na kadi za majaji. Aprili 1987 pale Las Vegas, Hagler alishindwa na Leonard kwa majaji wawili dhidi ya mmoja, na mmoja wao aliandika 118-110, kadi ambayo hata waliomshabikia Leonard waliiguna. Septemba 2017, Las Vegas hiyohiyo, Golovkin alitoka sare na Canelo katika pambano ambalo wengi waliona kashinda. Jaji mmoja alimpa Canelo. Aliandika 118-110.