Maswali Yenu: Tangi la Matumbawe na Baridi ya Nyanda za Juu

SWALI: Nina tangi la maji chumvi la lita 200 sebuleni, lina matumbawe laini na samaki wawili. Hita ni moja, wati 300, imejificha nyuma ya mawe kwenye kona. Tangu Juni iingie, alfajiri kipimajoto kinasoma nyuzi 22.5, saa tisa alasiri kinasoma 27. Matumbawe yamejikunja. Ninunue hita kubwa zaidi?
Msomaji, Uyole, Mbeya

JIBU: Hapana, usinunue kubwa zaidi. Matumbawe yako yangeishi vizuri kwenye 25 au kwenye 26. Kinachoyachosha ni kupandishwa na kushushwa nyuzi 4.5 kila siku. Ndani ya nyama yake huishi mwani mdogo sana unaoyalisha, na joto likiyumba ushirika huo ndio unaoharibika. Lenga 25.5, na tofauti ya usiku na mchana isizidi nyuzi 1.

Anza kwa kupima tangi linapoteza joto kiasi gani. Saa nne usiku zima hita, acha pampu zifanye kazi, andika joto. Soma tena saa sita. Kupandisha lita 200 nyuzi 1 kunahitaji takriban wati-saa 232. Kwa hiyo tangi likishuka nyuzi 1 kwa saa hizo mbili, linapoteza wati 116 tu. Hata ukiongeza nusu yake kwa ajili ya alfajiri ya Julai, wati 300 zinatosha na kubaki.

Kasoro ni ile kona. Maji yaliyotuama karibu na hita yanapata moto, themostati (swichi ya hita inayofuata joto) inajizima mapema, na upande wa pili wa tangi unaendelea kupoa. Weka hita mbili za wati 150 badala ya moja, mbele ya mkondo wa pampu, na kipimajoto mwisho wa pili wa tangi. Moja ikifa, nyingine inashikilia. Moja ikiganda ikiwa imewaka, haina nguvu ya kuchemsha tangi haraka. Zipitishie kwenye kidhibiti joto cha nje chenye sensa, ukiweke 25.5, na themostati za hita zenyewe ziwe 26.5 kama kinga. Waya ushuke chini ya soketi kabla ya kupanda kuingia kwenye soketi, ili tone la maji chumvi lidondoke sakafuni.

Hiyo 27 ya alasiri nayo ichunguze. Tazama taa ya hita saa tisa: kama bado inawaka, swichi yake ya ndani imeshikana, itoe leo hii. Kama imezima, ni jua la dirishani. Weka pazia zito au hamisha tangi.

Nyuma na pembeni bandika stairofomu ya sentimita 2.5, ule ubao mweupe unaokuja na televisheni mpya. Maji ya kubadilisha yapashe kwanza: lita 20 za nyuzi 15 zikiingia kwa mkupuo zinashusha tangi zima nyuzi 1. Chomoa hita kabla ya kupunguza maji, maana ikiwaka nje ya maji kisha ikazamishwa, kioo chake hupasuka.

Na tafadhali, usipashe sebule iliyofungwa kwa jiko la mkaa. Hewa yake inaua watu waliolala, na kabondayoksaidi yake inashusha pH ya tangi, yaani maji yanakuwa na asidi zaidi.

SWALI: Umeme ukikatika usiku, betri yangu ya N100 na inveta vitahimili hita hadi asubuhi?
Msomaji, Iringa mjini

JIBU: Havitahimili. Betri hiyo ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, na ukitaka idumu tumia nusu tu. Hita ya wati 150 ikiwaka mfululizo inamaliza nusu hiyo ndani ya saa 4, pengine kabla. Pampu ya wati 10 itafika asubuhi bila shida, nayo ndiyo ya kuokoa kwanza. Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na maji ya huko hubeba oksijeni pungufu kwa karibu moja ya sita kuliko ya Dar es Salaam. Maji yakisimama, samaki watakosa pumzi kabla baridi haijawadhuru. Elekeza mdomo wa pampu juu hadi uso wa maji uchezecheze, kisha funika pande za tangi kwa blanketi, juu ukiacha wazi kidogo. Umeme ukirudi, pandisha joto nusu nyuzi kwa saa, si zaidi.