Larry Holmes asipimwe kwa kivuli cha Ali

Ndugu yangu, umeuliza kama Larry Holmes, bondia Mmarekani wa uzani mzito, alikuwa bingwa kweli au alibahatika tu kumkuta Muhammad Ali mzee. Hapa Mombasa hoja hiyo haiishi barazani kila ngumi zikitajwa, nami siikubali hata kidogo.

Pambano lake na Ali la Oktoba 1980 liweke kando. Ali alikuwa na miaka 38, nguvu zimemwisha. Wewe itazame raundi ya 15 dhidi ya Ken Norton, Juni 1978. Wote wawili hoi, lakini wamesimama katikati ya ulingo wakibadilishana makonde mazito mpaka kengele. Majaji wawili wakampa Holmes, mmoja Norton, na kila karatasi tofauti ni pointi moja! Mkanda wa WBC, yaani Baraza la Ngumi la Dunia, aliutolea jasho. Mwaka uliofuata Earnie Shavers alimlaza chini raundi ya 7 kwa konde la kulia ambalo wengi wasingeamka nalo. Akainuka, akammaliza raundi ya 11.

Na ule mkono wake wa kushoto, mnyoofu, wa haraka: kwangu mimi hakuna wa uzani mzito aliyewahi kuutumia vizuri zaidi.

Alitetea taji mara 20. Wakati huo aliyemzidi ni Joe Louis tu, mwenye 25. Dosari ipo: Tim Witherspoon alimtoa kijasho 1983, na Holmes hakumpa marudiano. Kushindwa na Michael Spinks 1985, akiwa na ushindi 48 bila kupoteza, hakunibadilishi mawazo. Mimi namweka ndani ya watano bora.