Muulize Mwalimu: Tumbaku ya Virginia, karo ya gunia na mgongo wazi

Mwezi jana niliandika hapa aya tatu tu kuhusu makoloni ya Waingereza kule Marekani, kabla hawajatangaza uhuru mwaka 1776, nikadhani nimemaliza. Barua zimekuja nyingi kuliko zile za mashamba ya urithi, na hizo ndizo huwa zinanijaza meza. Nimechagua nne. Mjue tu kwamba ninayejibu ni mtoto wa mkulima wa miwa, nimefundisha historia miaka 31, na sasa nimestaafu hapa Mumias. Jicho langu huanza kuangalia shambani.

*Mwalimu, salamu. Nalima tumbaku huku Malakisi. Kampuni hunipa mbegu, mbolea na dawa kwa mkopo, nami nakausha kwa kuni zangu. Siku ya mauzo, gredi anapanga mtu wao, na makato yakiisha nabaki na karatasi mkononi. Uliandika kwamba Virginia ilijengwa na tumbaku. Wenzetu walinufaika vipi?* (Mkulima, Malakisi)

Ndugu yangu, wengi hawakunufaika. Ungekaa na mkulima wa Virginia wa mwaka 1750, kila mmoja akafungua karatasi zake, mngeelewana bila mkalimani.

Walianza na njaa. Jamestown, mji wao kule Virginia, ilianzishwa mwaka 1607 na kampuni ya London ambayo wanahisa wake walitaka dhahabu. Dhahabu haikuwapo. Baridi ya 1609 kuingia 1610 iliua watu mpaka mji uliokuwa na mamia ukabaki na roho kama 60. Ndipo John Rolfe, mnamo 1612, akajaribu mbegu ya tumbaku iliyotoka Karibi, ikakubali udongo. Watu wakapagawa. Naibu gavana aliyeingia mwaka 1617 alikuta tumbaku imepandwa hadi sokoni na barabarani. Mmoja wa waliomtangulia alikuwa ameshalazimika kutoa amri kwamba asiyepanda ekari mbili za mahindi asiguse tumbaku.

Kila nilipofika hapo darasani nilicheka peke yangu na wanafunzi hawakujua kwa nini. Baba yangu alipanda miwa mpaka ikagusa ukuta wa choo. Pa kupanda mahindi hapakuwa, pa kunde hapakuwa. Mama alitembea na gorogoro yake sokoni kununua mahindi yaliyotoka Kitale, naye ana ekari nne nyumbani. Na pesa ya miwa ilikuja ilipojisikia. Mwaka mmoja kiwanda kilituweka miezi kumi na minne, na lori lilipokuja kulipa, makato ya kulima, ya mbegu na ya kusafirisha yalikuwa yamekula karibu yote. Baba aliikunja ile karatasi mara nne akaiweka ndani ya Biblia. Sijui alitaka Mungu aisome.

Turudi Virginia. Karibu na 1619 ratili moja, yaani karibu nusu kilo, ya tumbaku nzuri iliweza kuuzwa shilingi tatu za Kiingereza, yaani peni 36. Kufikia 1630 ilikuwa imeporomoka hadi kama peni moja. Dawa waliyoijua ni kupanda zaidi, na kupanda zaidi kukaiangusha bei zaidi. Tena tumbaku inanyonya udongo, nawe unajua. Baada ya misimu mitatu minne shamba lilichoka, wakafyeka jipya, na hilo jipya lilikuwa la wenyeji waliokuwa chini ya chifu mkuu aliyeitwa Powhatan. Vita vya 1622 na 1644 vina mizizi humo.

Halafu soko. Sheria ya Bunge la Uingereza ya mwaka 1660 ilikataza tumbaku ya makoloni kuuzwa popote isipokuwa Uingereza, Ireland au makoloni mengine ya Kiingereza. Mkulima mkubwa alishindilia majani ndani ya pipa la mbao lenye uzito wa ratili kama 1,000. Hizo ni magunia matano ya mahindi ndani ya chombo kimoja, linabingirishwa mpaka gatini. Mfanyabiashara wa London aliuza, akatoa ushuru, nauli, ghala na kamisheni yake, kisha kwa kilichobaki akanunua vitu ulivyoagiza: viatu, sahani, kitambaa. Kama hakikutosha, na mara nyingi hakikutosha, akaandika deni. Hata George Washington ana barua za kulalamikia bei anayopewa na ubovu wa vitu anavyoletewa. Katikati ya miaka ya 1760 aliachana na tumbaku kama zao lake kuu, akahamia ngano. Thomas Jefferson, naye mkulima wa Virginia aliyekuja kuwa rais, aliandika kwamba madeni hayo yalirithiwa baba kwa mwana vizazi na vizazi, hata wakulima wakawa kama mali ya nyumba za biashara za London. Maneno makali kwa mtu ambaye mwenyewe alimiliki watu zaidi ya 600 maishani mwake, lakini hilo nalifikia chini.

Umeuliza habari ya gredi. Mwaka 1730 Virginia ilipitisha sheria kwamba kila pipa lifunguliwe kwenye ghala la serikali na wakaguzi wa serikali, siyo wa mnunuzi. Takataka ikachomwa hapohapo. Safi ikapewa hati, na hati hiyo ikatembea kama pesa: unalipia kodi, unanunulia farasi. Wakulima wadogo waliona jasho lao likigeuka moshi, na mwaka 1732 wengine wakateketeza maghala. Sheria haikuondolewa, na bei ilipata nafuu kwa sababu takataka ilipungua sokoni. Mimi ningeulizwa, ningesema mizani na gredi visishikwe na mkono unaonunua. Kuhusu mkopo wako, kabla ya kusaini msimu ujao dai uandikiwe bei ya kila mfuko wa mbolea, kisha uilinganishe na ya duka la Bungoma.

*Mwalimu, muhula huu nimelipa karo ya binti yangu kwa magunia mawili ya mahindi na debe la maharagwe. Shule ilipokea, ila kwa bei ya chini kuliko ya soko. Majirani wananicheka eti narudi zama za kale. Je, ni kweli huko Marekani ya zamani hawakuwa na pesa?* (Mama wa watatu, Chavakali)

Mama, waambie majirani kwamba Chuo cha Harvard, kilichoanzishwa mwaka 1636, kilipokea karo kwa ngano, kimea, siagi, hata kwa mifugo. Iko kwenye hesabu za mtunza stoo wao.

Sarafu zilikuwepo ila chache. Uingereza haikutaka fedha yake ivuke bahari. Zilizoonekana zaidi ni za Kihispania, na mtu akikosa chenji aliikata sarafu vipande kwa patasi. Massachusetts walitumia kwa muda shanga za kome walizojifunza kwa wenyeji, mwaka 1652 wakaanza kupiga sarafu zao wenyewe, na mwaka 1690 wakachapisha noti kwa sababu wanajeshi walirudi kutoka vita vya Quebec mikono mitupu wakidai mshahara. Siku zote hizo, chombo kikubwa cha biashara kilikuwa daftari la duka. Unachukua chumvi leo, unaleta siagi mwezi wa nane, mwenye duka anaandika pande zote mbili. Mke wangu ana kibanda hapa sokoni na daftari lake ni lilelile, ila wateja wake upande wa pili huuacha wazi.

Hiyo bei ya chini uliyopewa ina historia pia. Mwaka 1704 mama mmoja wa Boston, Sarah Kemble Knight, alisafiri kwa farasi hadi New York akaandika aliyoyaona. Kule Connecticut muuzaji hakukutajia bei kabla hajajua utalipa nini. Kisu cha peni 6 kilikuwa peni 6 ukiwa na sarafu. Ukileta nafaka au nyama kwa bei iliyopangwa na serikali ya koloni, kilipanda hadi peni 12. Na kulikuwa na njia ya katikati: mazao yaleyale, lakini ukubali yashushwe bei, na kisu kikawa peni 8. Mama mkwe wa mtu yeyote wa Maragoli angeielewa hesabu hiyo kabla ya kukaa.

Kwa hiyo nenda kwa mhasibu na bei ya soko la Jumatano imeandikwa, mzungumze. Asikupe ya peni 12.

Na usione haya kwa mahindi hayo. Hayo mahindi, maharagwe na maboga unayoyachanganya kwenye shamba moja yalianzia bara la Amerika. Wenyeji wa mashariki mwa Marekani waliyapanda pamoja, maharagwe yakipanda juu ya bua la mhindi na boga likifunika ardhi magugu yasiote. Wageni Waingereza wa koloni la Plymouth, ambao nusu yao walikufa baridi ya kwanza, walifundishwa kupanda mahindi na mwenyeji aliyeitwa Tisquantum mwaka 1621. Bila somo hilo sidhani wangefika mavuno.

*Mwalimu, darasani tumebishana. Kuna anayesema Wazungu pia walikuwa watumwa Marekani, kwa hiyo utumwa haukuwa wa Waafrika peke yao. Nani mkweli?* (Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Kakamega)

Mwanangu, huyo mwenzako ameshika nusu ya jambo, na nusu hiyo ndiyo hatari.

Ni kweli kwamba maelfu ya Waingereza maskini walivuka kwa mkataba. Huna nauli, kwa hiyo unaahidi kumtumikia mtu miaka minne, mitano, hata saba. Mkataba uliandikwa mara mbili kwenye karatasi moja, kisha ukakatwa katikati kwa mstari wa meno kama ya msumeno. Kila mmoja akabaki na kipande chake, na ugomvi ukizuka, meno lazima yalingane. Aliyekuleta alipata ekari 50 kwa kichwa chako. Ukimaliza unapewa nguo, mahindi, pengine jembe, unakwenda zako. Wengi walikufa kabla ya siku hiyo. Walichapwa na waliuzwa kwa bwana mwingine muda wao ungali unahesabiwa.

Mwaka 1619 meli ilishusha Waafrika ishirini na kitu pale Point Comfort, Virginia, watu waliokamatwa Angola. Miaka ile ya mwanzo sheria ilikuwa bado haijakaza. Mwafrika aliyejulikana kama Anthony Johnson alijikomboa, na mwaka 1651 alikuwa na ekari 250. Sasa shika mwaka 1640. Watumishi watatu wa bwana mmoja walitoroka Virginia pamoja, wakakamatwa Maryland: Mholanzi, Mskoti, na Mwafrika aliyeitwa John Punch. Kosa moja, siku moja, viboko 30 kila mmoja. Wale wawili waliongezewa miaka minne. John Punch akahukumiwa kutumika maisha yake yote.

Nilikuwa nikiandika kesi hiyo ubaoni kisha naketi, siongezi neno. Darasa lilinyamaza lenyewe.

Mwaka 1662 Virginia wakaandika kwamba mtoto atafuata hali ya mama yake. Mama mtumwa, mtoto mtumwa, hata baba akiwa ni yule bwana mwenyewe. Mwaka 1667 wakaongeza kwamba ubatizo haumfungui mtu. Mkataba wenye meno ulikuwa na mwisho, na haukurithiwa na mtoto. Mpelekee mwenzako hukumu ya 1640, akuonyeshe Mzungu aliyehukumiwa hivyo siku ile.

*Mwalimu, mimi nauza mgongo wazi hapa Obunga. Mnofu wa mbuta unapanda ndege kwenda Ulaya, sisi tunakaanga mifupa. Hao Wamarekani wa kale samaki wao mzuri alikula nani?* (Mama samaki, Kisumu)

Mama, umeuliza kwa mstari mmoja jambo ambalo maprofesa huliandikia vitabu.

Massachusetts waliishi kwa chewa wa Atlantiki, yule anayeitwa cod kwa Kiingereza. Walimpasua, wakamtia chumvi, wakamwanika juu ya vichanja kama mnavyoanika omena. Kisha wakampanga. Daraja la kwanza lilikwenda Hispania na Ureno. Yule aliyevunjika, aliyeungua na jua, aliyezidi chumvi, alipakiwa kwenda visiwa vya Karibi kulisha watumwa wa mashamba ya miwa. Meli zilirudi na molasi, Boston wakaigeuza kuwa pombe kali, na biashara ikaendelea. Kwa hiyo mgongo wazi wao aliula Mwafrika aliyekata muwa, na mimi mtoto wa miwa nikisoma hapo chai huwa hainipiti.

Walimheshimu samaki huyo lakini. Hadi leo chewa wa kuchongwa kwa mti ananing'inia ndani ya baraza la kutunga sheria la Massachusetts, zawadi ya mwaka 1784. Katika bunge letu la kaunti hapa kwetu sijaona hata muwa mmoja ukutani.

Jumamosi ijayo nina safari ya Kisumu. Niwekee vichwa viwili, mama, na usivikaushe sana.