Faili Moja, Rangi Tatu

SWALI: Kaka habari za kazi. Nina picha moja ya RAW (faili ghafi la kamera, kabla halijageuzwa kuwa picha ya kawaida) nimempiga mdogo wangu amekaa kivulini chini ya mti, jua liko nyuma yake, amevaa sweta jeusi. Nimeifungua kwenye programu tatu na zimenipa watu watatu. Moja uso umetoka mwekundu mwekundu, ya pili una njano fulani hivi, ya tatu picha nzima imepoa. Nikivuta vivuli juu, kwenye moja naona mpaka nyuzi za sweta, kwenye nyingine sweta linageuka zambarau. Ipi ndo inasema kweli, niinunue nipumzike?

JIBU: Ndugu yangu, usitoe hela kwanza. Hizo tatu hakuna inayodanganya, sababu hilo faili lenyewe bado halina rangi. Kwenye kamera nyingi kila pikseli ya sensa (kile kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera) imefunikwa kichujio cha rangi moja tu, nusu ni za kijani, robo nyekundu na robo bluu, mpangilio aliousajili Bryce Bayer wa Kodak mwaka 1976 na mpaka leo ndo tunaupigia picha. Rangi mbili zinazokosekana kwenye kila pikseli programu inazikadiria kwa kuangalia majirani zake, afu inatafsiri rangi za kamera yako kuja kwenye rangi za macho yetu kwa kutumia profaili (yaani jedwali la kutafsiri rangi), na kila mtengenezaji ana profaili zake na ladha yake. Ule wekundu na ile njano unayoiona ni ladha ya profaili pamoja na mkunjo wa toni (unaoamua giza na mwanga vipande kiasi gani) uliowekwa hata kabla hujagusa slaida yoyote.

Kwahiyo kulinganisha programu kwa ile picha inayotokea ukifungua tu ni kulinganisha ladha za watu. Kwenye Lightroom toa profaili ya Adobe Color weka ya Camera Neutral uone uso unavyobadilika papo hapo. Kwenye Capture One badilisha mkunjo uwe Linear Response. RawTherapee ina kitu nakipenda sana, inasoma ile JPEG ndogo iliyofichwa ndani ya faili la RAW na kuufananisha mkunjo wake nayo, izime wakati wa kupima. darktable yenyewe huanza tulivu makusudi, inakuachia wewe uamue, ndo maana wengi wakiifungua mara ya kwanza wanasema imepooza.

Baada ya hapo bonyeza mizani ya weupe kwenye sehemu moja ile ile ya kijivu katika programu zote, na usinakili namba za Kelvin (kipimo cha joto la rangi ya mwanga) maana 5200 ya hapa siyo lazima iwe 5200 ya pale. Sawazisha mwanga wa uso kwa eksposha tu, zima kuondoa chenga (zile punje punje za rangi) na kuongeza makali, toa zote kama TIFF za biti 16 (aina ya faili la picha lisilopoteza ubora), zifungue pamoja sehemu moja. Ukifanya hivyo tofauti ya rangi inapungua sana, utashangaa.

Sasa vivuli, hapa ndo penyewe. RAW ya biti 14 ina ngazi 16,384 za mwanga lakini hazigawanywi sawa: stopu ya juu kabisa (kila stopu ni mwanga mara mbili ya ile iliyo chini yake) inachukua 8,192, inayofuata 4,096, inaendelea kukatika nusu kwa nusu, ukifika stopu ya 8 kushuka chini zimebaki 64 tu. Sweta jeusi kivulini linaishi huko chini, na huko mwanga wenyewe ulioingia ni kidogo kwahiyo chenga zinashindana na nyuzi za sufu. Programu haiwezi kukurudishia nyuzi ambazo sensa haikuzipata.

Na ile zambarau ina sababu yake. Sensa ikiwa gizani haitoi sifuri, inatoa namba fulani, mfano 512 au 2048 kutegemea kamera, na programu inatakiwa kuiondoa hiyo namba kwanza. Ikiondoa pungufu hata kidogo panabaki kiasi kile kile kwenye rangi zote tatu, afu mizani ya weupe inakuja kuzidisha nyekundu na bluu kuliko kijani, basi kile kibaki kinakuwa zambarau. Ikiondoa zaidi vivuli vinaenda kijani. Kwenye darktable na RawTherapee unaweza kurekebisha hiyo namba (inaitwa nukta nyeusi) mwenyewe, sogeza kidogo kidogo huku umekuza sweta asilimia 100, unaona kabisa zambarau inavyonyauka na sufu inarudi kuwa nyeusi. Ukiona sweta limerudi, programu haikuwa mbovu.

Ukinibana nitaje, kwa ngozi nyeusi kivulini mimi naegemea Capture One, ina kifaa cha kusawazisha rangi ya ngozi peke yake kwahiyo paji la uso na shavu havipishani. Kwa picha za ISO kubwa (zilizopigwa kwenye mwanga hafifu kwa kuongeza usikivu wa kamera) naenda DxO PhotoLab, kifaa chake cha DeepPRIME inakadiria rangi na kuondoa chenga kwa pamoja, na vivuli vinatoka safi bila kuwa plastiki, ilimradi usiivute mpaka mwisho.

SWALI: Programu za bure zinatosha kwa kazi ya wateja au ni za kujifunzia tu?

JIBU: Zinatosha dada yangu, kabisa. RawTherapee na darktable zote zinakupa kuchagua njia ya kukadiria rangi, kitu ambacho nyingi za kulipia zinakificha. Jaribu njia inayoitwa AMaZE kwenye picha ya ISO ndogo yenye nguo za nyuzi nyuzi au nywele, afu ile ya LMMSE kwenye picha ya usiku yenye chenga, angalia kwa asilimia 100. Kinachouma ni muda, darktable itakula wiki kadhaa kabla mkono haujazoea, kwahiyo usianze nayo siku ambayo mteja anasubiri.