Mbona Craigievar chini kavu, juu vimnara vitupu?

Ndugu uliyeuliza kama ngome ya Craigievar kule Aberdeenshire, Skotlandi, ni ya mafundi wawili maana chini ukuta mtupu juu vimnara kibao, ngoja nikwambie. Kweli ukoo wa Mortimer ndo walianza, wakakwama hela, mwaka 1610 akainunua William Forbes, mfanyabiashara aliyetajirikia biashara ya Baltiki, ile bahari ya kaskazini mwa Ulaya, akaimaliza 1626. Ila utofauti ule ni makusudi kabisa, chini ni ulinzi, ukipita mlango unakutana na geti la vyuma vilivyosukwa, juu huko ndo kujionyesha. Halafu dari ya ukumbi mkubwa jamani, lipu imefinyangwa mapambo kila kona, juu ya meko nembo ya mfalme! Ukoo wa Forbes ukaitunza hivyohivyo hadi 1963.