Leta chanzo kwanza: neno kwa anayeanza kuhariri Wikipedia

Swali ninaloulizwa kuliko yote na wanaoanza kuandika Wikipedia ya Kiswahili ni hili: "Mbona wamefuta sentensi yangu, na ni ya kweli?" Jibu langu huwaudhi kidogo. Hakuna aliyesema umedanganya. Aliyefuta anataka kujua ni nani mwingine, asiye wewe, aliyeyachapisha hayo, na msomaji atayakuta wapi.

Wengi huanza na vya kwao: kijiji, ukoo, chifu wa zamani. Wanayoyajua wameyapata kwa bibi na babu, nayo hayamo kwenye kitabu chochote. Wikipedia haichapishi utafiti wa mhariri mwenyewe, kwa hiyo mahojiano uliyofanya na mzee barazani kwake hayahesabiwi kuwa chanzo. Sheria hii inatuumiza sisi kuliko inavyomuumiza Mjerumani, ambaye hata kanisa la kijijini kwao limeandikiwa vitabu. Sijifanyi kwamba naipenda. Lakini fikiria koo mbili zinazodai kila moja ndiyo iliyofika kwanza bondeni, kila moja ina mzee wake, na wewe hujui lolote kuhusu bonde hilo. Utamwamini nani?

Kinachosaidia ni kumtafuta aliyewahi kuwasikiliza wazee akachapisha. Tasnifu za vyuo vikuu zimejaa mambo haya, na siku hizi nyingi zinapatikana mtandaoni. Kwa lugha na fasihi, angalia majarida ya TATAKI (Taasisi ya Taaluma za Kiswahili) pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Chanzo si lazima kiwe cha Kiswahili, wala si lazima kiwe mtandaoni. Kitabu cha karatasi kinatosha, mradi utaje mwandishi, mwaka na ukurasa. Ukurasa usiusahau! "Rejea kitabu fulani" chenye kurasa 400 ni sawa na kumwambia mtu akutafute Kariakoo.

Jihadhari na blogu. Nyingi zimenakili Wikipedia yenyewe, halafu mtu anazileta kama ushahidi wa kile zilichonakili. Fungua historia ya ukurasa uone sentensi iliingia lini, kisha linganisha na tarehe ya blogu. Tovuti ya kampuni inafaa kutaja ilianzishwa mwaka gani. Kusema ni kampuni bora nchini, hapana.

Sasa ugomvi. Chukua urefu wa Kilimanjaro. Bango la kileleni linasema mita 5,895, na ndivyo tulivyosoma shuleni, kutokana na upimaji wa mwaka 1952. Vipimo vya setelaiti vya mwaka 1999 vilitoa mita 5,892. Anakuja mmoja anaweka 5,892, mwingine anarudisha 5,895, na hivyo hivyo hadi usiku. Kila mmoja ana chanzo halali, ndiyo maana hakuna atakayeshinda kwa kutengua, yaani kuondoa badiliko la mwenzake. Andika namba zote mbili, useme kila moja ilipimwa lini na kwa njia gani, na msomaji anapata zaidi ya alivyotarajia. Magomvi mengi niliyoyaona yangeisha hivi.

Utaratibu wenyewe ni mwepisi kuusema, mgumu kuufuata ukiwa na hasira. Umebadilisha, mwenzako ametengua: usirudishe. Nenda ukurasa wa majadiliano. Kwenye Wikipedia ya Kiingereza, ukitengua zaidi ya mara tatu ndani ya saa 24 kwenye ukurasa mmoja unaweza kuzuiwa, hata kama ukweli uko upande wako. Huko kwenye majadiliano taja sentensi inayobishaniwa, chanzo na ukurasa wake, kisha weka sahihi kwa alama nne za wimbi (~~~~). Mambo ya kabila lake, umri wake au Kiswahili chake yaache.

Jumuiya yetu ni ndogo na wakabidhi (wasimamizi wa wiki) ni wachache, hivyo jibu linaweza kuchelewa siku kadhaa. Mwachie mwenzako ujumbe kwenye ukurasa wake wa majadiliano ya mtumiaji, au mwombe mhariri wa tatu asiyehusika asome pande zote mbili. Usiite wenzako wa kundi la WhatsApp waje kukuunga mkono. Maafikiano hayahesabiwi kwa vichwa, na akaunti kumi zilizofunguliwa jioni moja hujulikana upesi. Akaunti yako ya pili vilevile.

Mkishindwa kabisa kuelewana, iache makala kama ilivyo kwa sasa ufanye nyingine. Tazama ya kata yenu. Makala nyingi za kata ni mbegu, yaani makala fupi zinazosubiri kukuzwa, za mistari miwili, na ukikuta idadi ya wakazi ni ya sensa ya 2012, matokeo ya 2022 yameshatolewa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Weka namba mpya na tanbihi yake. Hiyo sidhani kama kuna atakayeitengua.